Mzee wa Stoo na Kabati la Picha

Wauguzi wapya walikuwa wakitumwa kwake kuomba shuka. Huo ulikuwa mzaha wa hospitali yetu, na haukukosa mtu wa kumnasa. Kwa kuwa sote tulimwita Mzee wa Stoo, msichana aliyetoka chuoni juzi angebisha mlango wa chumba cha mitambo na kusema kwa adabu, "Shikamoo Mzee, wodi ya akina mama wameishiwa na shuka." Yeye angemtazama juu hadi chini, ameze chai iliyo mdomoni, kisha aseme, "Marahaba. Shuka ziko kwa akina mama wa kufua. Mimi hapa naweka picha za mifupa ya watu. Unataka mfupa?" Msichana mbio. Nasi kwenye korido tunacheka mpaka Matron atoke kutufukuza.

Hospitali yenyewe ni ndogo, ukitoka Pumwani unaifikia kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Mimi nilikuwa natembea kutoka Ziwani, yeye kutoka Majengo, na kila asubuhi nilimkuta amefika. Hata nilipoamka mapema kwa makusudi ili nimtangulie, nilimkuta. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na nikisema chini yake mjue ni chini kabisa. Nilikuwa na cheti changu, nilikuwa na akili zangu, lakini kabati la diski sikuruhusiwa kuligusa peke yangu. Nenosiri la kabati lilikuwa kichwani mwake. Kwa hivyo swali langu kwa miaka yote hiyo lilikuwa moja tu: huyu mzee ataniachia kazi lini?

Nieleze hilo kabati, maana bila kulielewa hutamwelewa yeye. Picha zote za eksirei na za skani hazikai ndani ya kompyuta ya daktari. Zinakaa kwenye kabati moja kubwa lililojaa diski, na sava, yaani zile kompyuta kuu za hospitali, zinazifikia kwa waya. Matron alipouliza kwa nini hospitali inahitaji kitu cha bei kama hicho, Mzee alimwambia hivi:

"Matron, umewahi kuingia nyumba za kwetu Majengo? Mlango mmoja wa mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Kabati ndiyo nyumba. Sava ni mpangaji, haina chumba chake. Mimi ndiye naandika mlangoni jina la nani aingie chumba gani."

"Na mpangaji akihama?"

"Hapo ndipo watu huuana."

Matron alicheka, lakini Mzee hakuwa anacheka. Alieleza kwamba sava hazifanani. Kila moja ina mfumo wake, na kila mfumo una jinsi yake ya kupanga vitu chumbani. Ukimpa mpangaji wa mfumo mmoja chumba kilichopangwa na mwenzake wa mfumo mwingine, haoni kitanda wala sufuria. Anaona chumba kitupu. Na kwa sababu ana adabu, anakuuliza: nikipige deki? Ukisema ndiyo, vya mwenzake vimekwenda. Mbaya zaidi ni kuandika majina mawili kwenye mlango mmoja. Kila mmoja anadhani yuko peke yake, kila mmoja anasukuma vitu vya mwenzake, na asubuhi hakuna mwenye kitu.

Kwa ajili ya hofu hiyo alikuwa amebuni desturi, na nakuapia sijaiona mahali pengine. Chumba kikihama kutoka sava moja kwenda nyingine, lazima wawepo watu wawili. Mmoja anakaa kwenye sava inayotoa. Anasimamisha kazi zote, anaiambia sava ikitue chumba taratibu, iandike yote yaliyokuwa bado kichwani mwake, kisha jina linafutwa mlangoni. Akimaliza anasema kwa sauti, "Nimeachia." Yule wa pili, mikono mapajani muda wote huo, ndipo anaandika jina jipya, anaiamsha sava yake itazame, na akikiona chumba anajibu, "Nimepokea." Bila maneno hayo hakuna kugusa kitu. Hata kikohozi hakikuruhusiwa katikati.

"Mzee, hii si ndoa," nilimwambia siku ya kwanza.

"Ni ndoa. Kwetu walii anatamka, mwanamume anakubali, mashahidi wanasikia. Nyinyi wa kanisani mnaimba kwanza nusu saa. Mimi sina muda wa kwaya."

Hivyo ndivyo tulivyotaniana. Watu wangu ni wa magharibi, na yeye hakuchoka kunikumbusha. Nikichelewa dakika, "Ulikuwa unamalizia kuku?" Nikinywa chai vikombe viwili, "Eh, Mluhya na chai, mwacheni, huyo yuko kwao." Nami nilimwambia watu wa Majengo wanajua kila kitu kilichopikwa mtaa mzima kabla hakijaiva. Hapo alikubali bila ubishi. Alileta mahamri na mbaazi kwenye bakuli lenye kifuniko, akagawa kwa wote, na ole wako useme umeshiba.

Viatu vyake nilivijua kuliko sura yake. Vilikuwa vyeusi, vinang'aa, na havikuvuka kizingiti cha chumba cha mitambo. Vumbi la Eastlands, alisema, likiingia humu halitoki. Kila mtu alivua. Walikuja siku moja wageni wa bodi, watu wa suti, na mwenyekiti akajaribu kupita na viatu. Mzee akasimama mlangoni akitabasamu mpaka mheshimiwa akainama na kufungua kamba. Soksi ilikuwa na tundu, kidole gumba kimechungulia. Haki ya Mungu, nilijiuma ulimi. Mzee hakukitazama kile kidole hata mara moja, na wageni walipoondoka alinigombeza kwa sababu mimi nilikitazama.

Alipenda Kiswahili kilichonyooka. Vijana wa mapokezi wakimwambia "Niaje Mzee, form ni gani?" alijibu "Alhamdulillahi" na kuendelea na njia yake. Lakini mumuudhi! Siku fundi wa umeme alipokata waya usiofaa kisha akajitetea, Mzee alimfungukia kwa Sheng ambayo mimi niliwahi kuisikia kwa babu yangu tu, maneno ya enzi za kucheza kamari nyuma ya vibanda, na katikati yake, wazi kabisa, "Usinibebe ufala!" yaani usinifanye mjinga. Fundi alishtuka. Sisi tulishangaa zaidi. Baadaye akarudi kwenye Kiswahili chake cha taratibu, akamwomba yule fundi radhi, akampa mahamri.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ya kazi ngumu, ili sisi twende kanisani. Ijumaa mchana humpati. Na msiba ukitokea kwa mfanyakazi yeyote, alifika, akakaa nje kwenye kiti cha plastiki, akanyamaza vizuri. Kuna watu hawajui kunyamaza penye msiba. Yeye alijua. Babangu alipofariki alikaa kwetu Ziwani tangu asubuhi mpaka jioni, na maneno aliyoniambia ni "Kula kidogo" tu. Sijasahau, na ninayoyasema mbele msidhani nimesahau.

Kwa maana alikuwa na ila moja, nayo nitaisema. Alikuwa hajui kuachia. Alitufundisha kuachia, alituamrisha tutamke, lakini yeye mwenyewe, ah. Ukipewa kazi naye, umepewa nusu. Nikibadilisha kitu asubuhi, mchana nakuta amekikagua. Nikifunga mlango, anarudi kuusukuma kuona kama umefunga. Akinituma kununua sukari dukani anapiga simu kuuliza kama nimefika dukani. Siku zake za kustaafu zilipofika akaomba mkataba wa mwaka, kisha mwingine, kisha mwingine. Binti yake alimwambia mbele yangu, "Baba, utazikwa na hilo kabati." Akajibu, "Likizima mtanitafuta." Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa meno tu.

Kisha Matron akaniita. Hospitali imepata sava mpya, ya mfumo mwingine kabisa, na picha zote zihamie huko. Akaniambia bodi imechoka na habari ya mtu mmoja kuwa na nenosiri kichwani, na macho ya Mzee nayo yameanza kumchezea. "Uhamisho huu ukimalizika, kabati liwe mikononi mwako. Asipokuachia, bodi itawapa kampuni ya mjini, na nyote wawili mtakwenda nyumbani." Nilikuwa na mama wa kutunza na mdogo wangu chuoni. Nilitoka pale moja kwa moja hadi chumba cha mitambo.

Nilimwambia Mzee wazi, sikuficha. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Kwa hivyo mimi ndiye kizingiti chako."

"Mzee, si hivyo."

"Ni hivyo. Sawa. Jumapili."

Jumapili ikafika. Barabarani kwaya ya kanisa jirani inapaza sauti, chumbani baridi ya mashine, sisi na soksi zetu. Tulikuwa tumekwisha kunakili picha za zamani kwenye chumba kipya kilichopangwa kwa mfumo wa sava mpya. Kilichobaki ni sava ya zamani iachie kabisa kazi ya picha, na tangu saa ile kila skani ya mgonjwa iingie chumba kipya. Mzee alikaa kwenye sava ya zamani. Alifanya kila kitu polepole, kwa utaratibu wake ule ule. Kisha akageuka, akanitazama, akasema, "Nimeachia." Sauti yake ilikuwa kavu. Nilipoona picha zinafunguka upande wangu nilisema, "Nimepokea," na machozi yalinitoka nikiwa nacheka. Akanipa mkono. Nenosiri, akasema, atanipa Ijumaa baada ya swala, tumalize juma salama kwanza. Nilikubali. Juma moja ni nini kwa mtu aliyengoja miaka?

Nakala za chumba kipya tulipanga zianze Ijumaa hiyo hiyo. Kwa hivyo picha za juma lile zilikuwa mahali pamoja tu duniani, na sote wawili tulijua.

Alhamisi nilikuwa kantini nikila githeri simu ilipolia. "Njoo," akasema. "Nimeharibu."

Nilimkuta amekaa mbele ya sava ya zamani, miwani juu ya paji la uso. Hakunizungusha. Alikuwa ameandika jina la sava ya zamani kwenye mlango wa chumba kipya, ili achungulie tu, aone kama picha zinaingia sawasawa. Sava ya zamani ikaona chumba isichokitambua, ikauliza kama ikipige deki. Kwa macho yale, bila miwani, alidhani ni kile kidirisha cha kawaida kinachouliza kama uendelee. Akabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, akabonyeza tena. Na sava yangu mpya, isiyojua lolote, ikaendelea kuandika humo humo. Majina mawili, mlango mmoja.

"Mzee, ulisema umeachia."

"Nilisema."

"Ulisema kwa mdomo wako!"

"Nilisema, mwanangu."

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Tulifanya kila tulichokijua kurudisha zile picha, tukapata vipande, nusu ya kifua, robo ya goti. Picha za zamani zilikuwa salama kwenye chumba cha zamani. Za juma lile zilikwenda. Alipanda mwenyewe kwa Matron akasema ni yeye, na kwamba mimi sikuwepo. Wagonjwa wengi waliitwa wakapigwa picha upya bure, wakanung'unika, wakaelewa.

Mmoja hakuweza kuitwa apigwe upya. Alikuja mwenyewe, mama kijana wa Mathare, leso imefungwa kifuani kwa nguvu. Alikuwa amepigwa skani kwetu Jumatatu ya juma lile, mtoto akionekana mzima, anacheza. Siku chache baadaye akajifungua mtoto ambaye hakulia. Alikuja kuomba ile picha. Hakuwa na nyingine. Msichana wa mapokezi alinipigia simu, nami nikasema nashuka, lakini Mzee alikuwa amesikia. Alivaa viatu vyake bila kufunga kamba, akatangulia, nami nyuma yake.

Alimkalisha kwenye benchi, naye akakaa, si karibu sana.

"Mama, hiyo picha haipo. Niliiharibu mimi. Si mashine, si huyu binti ninayefanya naye kazi. Mimi."

Yule mama akamgeukia. "Uliiharibu vipi?"

"Niliingia mahali ambapo nilikuwa nimesema sitaingia tena."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka kuona kama picha zipo."

"Zilikuwepo?"

Mzee aliinamia viatu vyake. "Zilikuwepo," akasema. "Zote zilikuwepo."

Yule mama hakulia. Hakusema amemsamehe, na sitaki kumsemea. Alikaza leso yake, akainuka, akasema, "Basi mwachie mwingine hiyo kazi, baba," akatoka kuelekea barabarani. Mzee alibaki kwenye benchi mpaka watu wa zamu ya mchana wakaanza kumsalimia na kumuuliza kama anangoja daktari.

Siku iliyofuata alinipa lile nenosiri la Ijumaa, ambalo msukosuko ule ulikuwa umelichelewesha. Alinisimamia nikalibadilisha, na nilipokuwa naandika jipya aligeuza uso ukutani asilione. Akakunja koti lake, akachukua bakuli lake la mbaazi, akaenda. Hakuna sherehe. Matron alinunua keki akachelewa, tukaila wenyewe. Kazi nilibaki nayo. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na kwa miezi sikuweza kumpigia simu, hasira na haya vimenishika pamoja.

Mwisho nilikwenda. Tulikuwa na uhamisho mwingine karibu, sava nyingine, mfumo mwingine tena, na safari hii kabati zima. Nilijiambia naenda kumsalimia tu. Nilipita Majengo mchana wa Jumamosi, nikamkuta nje ya mlango wake akichambua mchele wa harusi ya jirani, magunia mazima, wanawake wamemzunguka wanamcheka kwa jinsi anavyousogeza mchele kwenye macho. Alinikaribisha kana kwamba tuliachana jana. Nikapewa ungo wangu. Akanipa habari zote: bwana harusi mfupi, bibi harusi mwenye akili, maji yaliyokatika, paka aliyezaa kwenye sanduku la televisheni. Aliuliza habari za mama yangu. Aliuliza kama mdogo wangu amemaliza chuo. Alimuulizia Matron, na fundi wa umeme, na hata yule mwenyekiti wa soksi.

Kabati hakuliulizia.

Nilingoja. Nilijua lingekuja, maana mtu huyu alikuwa ananipigia simu nikienda kununua sukari. Halikuja. Nikaona nianze mwenyewe. "Mzee, Jumapili hii tunahamisha vyumba vyote."

"Mungu awasaidie," akasema. Kisha akanyoosha kidole kwenye ungo wangu. "Upande huu una mawe bado."

Niliudhika, nakwambia ukweli. Niliudhika kuliko siku ile ya Alhamisi. Miaka yote niliomba huyu mzee anyamaze, aniache nifanye, na sasa amenyamaza, nami nimekaa na ungo mapajani nataka kulia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Nilitaka aniulize nani atakaa upande wa pili. Nilitaka aniulize kama nakala zimechukuliwa. Zilikuwa zimechukuliwa, mara mbili, na nilitaka mtu wa kumwambia.

"Mzee, huniulizi?"

Hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutembea kwenye mchele, vinapapasa mahali macho yasipofika.

"Nikikuuliza," akasema, "nitataka kuja."

Wanawake walikuwa wanabishana juu ya karafuu. Nikavuta ungo wangu karibu, nikaendelea kutafuta mawe.